Askari Kamwazima Punda Wangu

Jamani, leo nimefokeana na askari mpaka koo limenikauka.

Asubuhi kaingia zizini bila hodi, akamfungua punda wangu.
"Bibi, namwazima. Abebe mizigo ya Mdachi hadi relini."
Kuazima gani huko bila kuomba?
Mkwe wangu kajifungua juzi, na maji tunayafuata mbali, kule Zuzu. Nani ayabebe, Mdachi?

Nikachukua kibuyu changu cha maziwa, nikawafuata.
Nikamkuta askari kajilaza kivulini na wapagazi wake, buti kazivua.
Nikazibeba buti, nikaondoka zangu.

"Bibi! Mwizi wewe!"
"Siibi, mwanangu. Naazima."
"Anayeazima huomba kwanza!"
Kumbe anajua!

Akashika kiboko. Sikusogea.
Wapagazi wakaangua kicheko. Akajitazama alivyo peku, akatupa kiboko chini, akanirudishia punda.

Nami nikampa buti zake, na maziwa juu yake, maana mbavu zake zinahesabika.
"Haya nimekupa. Usije ukasema uliyaazima."

Hebu niambieni, huko kwenu nako wanaazima hivi?