Shanga za Akai Kabla ya Upasuaji

Kuna asubuhi moja ya Kakuma ambayo hainitoki akilini, mwanangu, nami nakusimulia kwa kuwa kesho unaanza kazi wodini. Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimetoka chuo cha uuguzi juzi tu, na nilikuwa mtu wa kuwaza kupita kiasi. Nikisalimiwa, niliendelea kulitafakari jibu langu hata baada ya aliyenisalimu kwenda zake.

Wodini tulikuwa na mama mmoja wa Kalobeyei, jina lake Akai. Ini lake lilikuwa na uvimbe uliojaa maji, ule ugonjwa unaotusumbua Turkana kwa sababu ya kuishi karibu na mbwa. Daktari wa upasuaji alikuwa amekuja kwa ndege, na angeondoka asirudi kwa miezi. Uvimbe ukipasuka kabla hajarudi, Akai angekufa. Sote tulilijua hilo, na yeye pia.

Kazi yangu ilikuwa kumtayarisha. Shanga zake zilipanda kutoka mabegani hadi kidevuni, na mtoa dawa ya usingizi alihitaji kuifikia shingo. Akai akazishika kwa mikono miwili.

"Hizi hazitoki," akasema.

Nikaanza kueleza. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu alfajiri: kisu, usingizi, nyuzi, hata namna jeraha linavyofunga. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo alivyozidi kukaza vidole. Nikaenda kwa Sista mkuu wa wodi, mama wa Lodwar aliyetulea sisi wapya, nikamwambia mgonjwa amekataa kupasuliwa.

"Umeongea naye muda mrefu," akasema. "Yeye amesema nini?"

"Amesema hazitoki. Basi."

"Rudi ukanyamaze kidogo. Na usiende na hiyo sura, atadhani ni wewe unayepasuliwa."

Nikarudi, nikaketi sakafuni kando ya kitanda, karibu na mama mkwe wake aliyekuja kumuuguza. Kunyamaza kulinitesa, maana kila jibu nililokuwa nalo lilitaka kutoka. Mwishowe Akai akasema kwa sauti ndogo, "Niambie tu. Amekufa?"

Ndipo nikaelewa. Kwetu mwanamke huvua shanga anapofiwa na mume. Mumewe alikuwa amehamisha mifugo upande wa Nadapal, kule mpakani, na kulikuwa na uvumi wa uvamizi huko. Akai alidhani tumepata habari za msiba na tunamficha. Kisu hakikuwa kinamtisha hata kidogo.

Ulimi uliniwasha nimwambie mumewe ni mzima. Angetulia mara moja. Lakini sikujua.

"Habari za mume wako sina," nikamwambia. "Hakuna aliyeniletea, na zingekuja nisingekuficha. Shanga zinatoka kwa ajili ya shingo tu, ili upumue vizuri ukilala."

Akanitazama sana. "Zitakaa wapi?"

"Wewe unataka zikae wapi?"

Mama mkwe akadakia, "Nipe mimi. Nitakuwa msichana tena mpaka uamke."

"Shingo yako imekwisha nyama, zitakuangukia miguuni," Akai akasema. Kisha akazivua mwenyewe, pole pole, akamvisha.

Mlangoni pa chumba cha upasuaji aliniuliza kama ataamka. Nikamwambia hatari ipo, ila ya kubaki na uvimbe ni kubwa zaidi. "Mimi nitakuwepo ukifungua macho."

Zamu yangu ikaisha, sikuondoka. Alipozinduka, mkono wake ulikwenda shingoni, ukakuta ngozi tupu, machozi yakaanza. Nikaushika mkono ule, nikamgeuza kichwa taratibu. Mama mkwe alikuwa ameketi wima, shanga zimemfika kidevuni, hathubutu hata kuinama.

"Ejok," nikamsalimu Akai kwa lugha yetu. Akaitikia.

Mwanangu, mgonjwa akikataa, usijione unajua anachokiogopa. Keti chini ya usawa wa macho yake, umuulize, kisha ukivumilie kimya chake. Usimfariji kwa jambo usilolijua, hata akikusihi. Mpe lililo mikononi mwako, hata kama ni kuwepo tu, na ukiahidi kuwepo, uwepo. Na kama una mawazo mengi kama niliyokuwa nayo mimi, usijichukie kwa hayo. Yatumie kumwangalia aliye kitandani badala ya kujiangalia mwenyewe.

Mungu akupe mikono mipole na moyo usiochoka kusikiliza. Na kila utakayemsindikiza kulala, akukute pale anapoamka.