Gramu na Sanduku la Mapishi

Sokoni hawakumwita kwa jina lake. Walimwita Gramu, na akipita kati ya meza za nyanya ungesikia neno hilo likimtangulia, meza hadi meza, na mikono ya wauzaji ikiondoka haraka kwenye mizani. Alikuwa mkaguzi wa mizani wa serikali. Alitembea na kisanduku cha mbao chenye mawe ya shaba, akayaweka kwenye mizani za watu, akaona nani anaiba. Kwa miaka kumi na saba alikuwa ameona sarafu zilizogandishwa kwa gundi chini ya sahani, springi zilizovutwa kwa koleo, makopo yaliyogongwa kitako mpaka kikaingia ndani. Kila akiyaona alishikwa na kichefuchefu cha kweli, si cha kusema tu. Mwizi wa gramu hamsini alimchukiza kuliko jambazi, kwa sababu jambazi angalau hakuchekei huku akikufungia mfuko.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyerudi nyumbani Jumanne moja, saa kumi alasiri, akakuta sanduku mlangoni.

Lilikuwa la katoni, kubwa kama la televisheni, limelowa upande mmoja. Mkewe alikuwa bado hajatoka kazini. Gramu alilibeba hadi jikoni, akalipasua kwa kisu, na hapo ndipo uso wake ulipoanza kujikunja. Ndani ya sanduku mlikuwa na mfuko, ndani ya mfuko mna vifuko, na ndani ya vifuko, ukibahatika, mna chakula. Kitunguu kimoja, kimemenywa na kuvalishwa plastiki. Punje mbili za kitunguu saumu, nazo zina kifuko chao. Chumvi! Kijiko kimoja cha chumvi kwenye pakiti, utadhani nyumba hii imefukarika hadi kukosa chumvi. Karoti zilikatwakatwa siku isiyojulikana na mtu asiyejulikana, na zilikuwa zimeanza kutoa ute. Chini kabisa, kati ya mifuko miwili ya barafu iliyokwisha kuyeyuka, mapande manne ya kuku yalikuwa yanaogelea kwenye majimaji ya rangi ya waridi. Tone la majimaji hayo lilimdondokea kidoleni. Alinawa kwa sabuni mara tatu na bado alikuwa akijinusa.

Kulikuwa pia na kadi ngumu yenye picha ya sahani na maelezo ya kupika. Ilimwambia akaange kuku huyo "kwa furaha". Gramu aliisoma mara mbili, akaiweka mezani kifudifudi.

Mkewe aliingia saa kumi na moja. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kutoa mashuka yaliyolowa kwenye mashine na kuyapandisha kwenye nyingine, na mwaka ule bega lake la kulia lilikuwa limegoma. Mkono haukupanda tena juu ya sikio. Watoto walishaoa na kuolewa. Walibaki wawili tu mle ndani.

"Mama watoto, hiki ni nini?"

"Chakula."

"Chakula kipi? Mimi naona plastiki."

"Kuna kampuni inaleta, mara tatu kwa wiki, cha watu wawili. Kimeshapimwa, kimeshakatwa, wewe unapika tu." Alivua viatu akaketi. "Nimechoka, mume wangu. Siku nzima mashuka, halafu mabasi mawili kwenda sokoni, mabasi mawili kurudi na kikapu. Imetosha. Nimelipia mwezi mmoja."

"Mwezi! Umepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa, mama watoto."

"Haya. Mpimaji si wewe? Pima. Una mpaka Jumamosi. Ukisema ni wizi, nawaambia waache kuleta. Ila siku hiyohiyo sokoni utaenda wewe, na utaendelea kwenda wewe."

Gramu alicheka. Aliona ameshashinda.

Hapa inabidi nieleze habari ya yale mabasi mawili, kwa sababu soko la Gramu lilikuwa nyuma ya nyumba yao. Hatua mia mbili, huhitaji hata viatu. Mwezi wake wa kwanza kwenye ukaguzi, muuza vitunguu mmoja alimtilia mkewe vitunguu vitatu vya ziada kikapuni na kukataa kulipwa. Gramu aliviona nyumbani, akamshika mkewe mkono, akamrudisha sokoni mchana kweupe, akamsimamisha mbele ya watu avirudishe, kimoja kimoja. Kisha akampa amri: asinunue hata pilipili kwenye soko analokagua mumewe, watu wasije wakasema Gramu ana bei. Mkewe hakubishana. Tangu siku hiyo alikwenda soko la mbali, lililokuwa chini ya mkaguzi mwingine. Gramu alikisimulia kisa hicho mara kwa mara, kwa majivuno, na wasikilizaji walimsifu yeye.

Basi akapima. Alitandika gazeti, akaleta mizani yake, akatoa kila kitu sandukuni kama mtu anayepasua samaki aliyeoza. Sanduku zima lilikuwa kilo nne na gramu mia sita. Chakula chenyewe, kilo moja na mia mbili. Zilizobaki zote ni barafu, plastiki na katoni. Kadi ya furaha peke yake ilizidi uzito wa kitunguu saumu mara nne. Kwa bei ya kuku yule na karoti zile, angenunua sokoni chakula cha siku nne na chenji ingebaki. Alipokwenda kutupa takataka, pipa lilikataa kufunga. Alhamisi sanduku la pili lilikuja na nyanya iliyopasuka ndani ya kifuko chake, nyekundu na laini, na Gramu aliishika kwa ncha za vidole viwili akiwa ameangalia pembeni.

Mkewe alipika kwa nusu saa. Walikula. Gramu alisema mchuzi una ladha ya duka la dawa. Mkewe alisema hajali, akalaza miguu kwenye kiti cha pili, akasikiliza redio mpaka mwisho wa kipindi, jambo ambalo siku ya kazi hakuwahi kulifanya. Gramu aliliona, lakini daftari lake lilikuwa na safu ya uzito na safu ya bei, basi hakuliandika.

Jumamosi asubuhi alitoa hukumu. "Ni wizi mtupu."

"Sawa," mkewe akasema, akamwekea kikapu mkononi.

Basi la kwanza lilimshusha kituoni. La pili lilichelewa saa nzima. Soko la mbali lilikuwa na matope hata pasipo mvua, na hakuna aliyemjua. Hakuna aliyenong'ona, hakuna aliyeondoa mkono kwenye mizani. Muuza viazi, mama mnene mwenye maneno matamu, alimwita "kaka yangu" mara tano huku akipima, na Gramu aliiona sahani ikishuka upesi kuliko inavyopaswa. Damu ilimchemka. Lakini mawe yake ya shaba yalikuwa nyumbani, na foleni ilikuwa ikimsukuma mgongoni. Akalipa, akanyamaza. Kwa muuza nyanya, hivyohivyo.

Wakati wa kurudi, basi la pili halikuja kabisa. Alitembea. Kamba ya kikapu ilimkata vidole vya mkono wa kulia, akahamishia kushoto, akakipandisha begani, akakishusha, akakaa juu ya jiwe la barabarani na kutukana. Alifika nyumbani saa nane mchana, shati limemgandia mgongoni, harufu yake mwenyewe ikimkera.

Hakunywa hata maji. Alitoa mawe, akapima. Viazi vya kilo tano vilikuwa kilo nne na robo. Nyanya za kilo mbili zilikuwa kilo moja na gramu mia saba.

"Wezi!" Alipiga meza. "Wezi wakavu wa macho! Kila kilo wanakula gramu mia na hamsini. Jumatatu namwomba mkubwa anipe soko lile, nawafungia wote. Na wewe miaka kumi na saba unanunua pale, hukuona?"

Mkewe alikuwa ameketi karibu na dirisha, anajipaka dawa ya bega. "Niliona mwaka wa kwanza."

"Mwaka wa kwanza?"

"Kikapu nabeba mimi, mume wangu. Kilo tano mkono wangu unaijua."

"Ukanyamaza?"

"Ningekuambia, ungelichukua soko lile. Ungelichukua, ungenikataza kununua pale. Halafu ningekwenda wapi? Soko la tatu liko lami inakoishia, na huko hakuna hata basi." Alifunika kopo la dawa. "Nikaona bora waniibie viazi."

Gramu alitazama vidole vyake, kamba ilipopita pamebaki mstari mwekundu. Alianza kuzidisha, gramu mia na hamsini mara kilo, mara wiki, mara miaka, akaiacha hesabu njiani. Kichefuchefu kilimpanda, kilekile cha sarafu chini ya sahani, akatafuta wa kumkunjia uso asimwone. Alijichukia, na hakujua pa kujificha na chuki hiyo ndani ya jiko dogo namna ile.

"Sasa umeshapima," mkewe akasema. "Wale wa sanduku niwaambie waache?"

"Wasiache."

"Na plastiki zao?"

"Na plastiki zao. Sanduku lao linanitia kinyaa mpaka kesho. Lakini walete, na nitapika mimi."

Mkewe alinyanyuka. Aliyakusanya mawe ya shaba kwa mkono wa kushoto, ule mzima, akayarudisha kwenye kisanduku chake, akamsogezea mumewe.

"Basi Jumatatu nenda kawafungie," akasema. "Sasa naweza kukuruhusu."