Watu wa Nyumba ya Pampu

Siku hizi nasikia wazee wenzangu wakisema mkoloni alikuwa na utaratibu. Ni kweli. Mimi niliuonja utaratibu wake mgodini, upande wa Geita, kabla ya vita kuu ya pili. Nilitoka Shinyanga kwa miguu, nikalala Kahama kwa Mwarabu mmoja aliyeninyima hata maji, lakini huyo tumwache.

Kazi nilitafutiwa na shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Tulikuwa wawili kwenye nyumba ya pampu, kibanda cha mabati chenye mlango mmoja, bila dirisha. Ndani mlikuwa na injini ya kuvuta maji shimoni. Bomba lake la moshi lilitoboka, moshi ukawa unabaki humo humo na sisi. Shemeji alikohoa mpaka akawa anakaa chini katikati ya maneno.

Ikasemwa kwamba bwana wa majengo anakuja kukagua. Nyumba ya watu hupewa dirisha na mlango wa pili; nyumba ya mashine tupu haipewi. Shemeji akaniagiza niseme tupo wawili, asubuhi hadi jua kuzama. Siku yenyewe alikuwa bondeni akizibua bomba la maji, nikabaki mimi.

Mzungu akapima sakafu kwa utepe. Karani wake, mtu wa pwani mwenye kanzu safi, akanieleza kwamba wanagawa sakafu wajue inabeba watu wangapi, kisha wanauliza wanaokaa ni wangapi.

"Haya, Msukuma, mko wangapi humu?"

Sasa, mama yangu alizaa watoto wengi, na hakuna aliyewahi kumsikia akitaja idadi yao. Kwetu mtu hai hatajwi kwa hesabu, unamwitia kifo. Ng'ombe wenyewe tuliwajua kwa rangi. Na shemeji alikuwa mgonjwa tayari. Ulimi ukaniwia mzito.

"Watu wanaingia, wanatoka," nikasema.

"Basi wanapita tu," karani akasema, akatafsiri. Mzungu akaandika kwamba nyumba haina mtu. Vikombe vyetu vya uji vilikuwa pale juu ya boksi, viwili. Hakuviangalia.

Jioni nilimwambia shemeji. Hakunigombeza. Aliuliza tu kama ningeshindwa hata kuonyesha vidole.

Masika yalipoanza tukawa tunafunga mlango ili mvua isiingie kwenye injini. Mchana mmoja nilikwenda kuchota mafuta, niliporudi nikamkuta amelala kifudifudi nyuma ya mlango. Nilimburuta nje akiwa amekwisha kufa.

Nilikwenda ofisini. Karani akafungua faili, akaniuliza marehemu alifuata nini kwenye nyumba isiyo na mtu.

"Tulikuwa wawili," nikamwambia. "Yeye na mimi. Wawili."

"Ungesema siku ile, mzee wangu. Hii imeshapigwa muhuri."

Mzee wangu! Nilikuwa sijaota hata mvi.

Mke wangu alinipikia miaka yote iliyofuata, ila jina la kaka yake hakulitaja tena mbele yangu.

Kiangazi injini ikaanza kuchemka, inazimika kila saa. Fundi alikuja, akasema inakosa hewa. Kesho yake wakakata dirisha kubwa, upande ule iliposimama injini.