Ghala Tupu la Mzee Kasanda

Siku yangu ya kwanza kazini Sikonge niliungua mkono kwa nta ya moto, na Bwana Nyuki akacheka hadi kofia ikamwanguka. Ndivyo tulivyomwita ofisa wa Kiingereza aliyesimamia ufugaji nyuki. Kazi yangu ilikuwa kuchemsha masega, kuyakamua ndani ya gunia ili takataka zibaki, kisha kugandisha nta safi kwenye karai. Nilikuwa mkalimani wake pia, maana Kinyamwezi kilimshinda kabisa.

Baadaye akataka kuteua kiongozi wa kambi ya msituni, mtu wa kugawa sehemu za kutundika mizinga na kuamua ugomvi. Tukazunguka kukagua maghala. La Mzee Maganga lilijaa madebe ya asali hadi mlangoni. La Mzee Kasanda, aliyeiongoza kambi ile tangu ujana wake, halikuwa na kitu.

"Huyu mvivu," akasema Bwana Nyuki. "Asiye na akiba atamwongoza nani?"

Nikatafsiri, loo, ulimi mzito! Mzee wa watu anaitwa mvivu mbele ya wakwe zake waliokuja kutazama ukaguzi. Aliinama, hakujitetea. Kwa desturi ya kambi ile, mrina asali akitoka msituni hushusha mzigo njia panda, na kila afikaye na kibuyu hujaziwa: mjane, mgeni, hata aliyegombana naye. Kinachobaki ndicho huingia nyumbani. Na ole wako ujisifu kwamba umetoa; heshima yote imekwisha hapo hapo.

Nilitaka kusema mimi, lakini Mzee Maganga akanitangulia.

"Kijana, mwambie bwana wako vizuri. Niliposikia atakagua maghala, sikushusha mzigo njia panda. Nilitaka ukubwa. Basi tangu siku hiyo hakuna aliyekuja kuniomba hata moto wa kuwashia jiko. Kasanda anaombwa kutwa. Sasa mkubwa hapo nani?"

Bwana Nyuki alinitaka nirudie. Kisha akamwendea Mzee Kasanda, akavua kofia na kumpa mkono. Uongozi ukabaki kwake. Wallahi nilimpenda yule Mzungu siku ile, lakini Maganga nilimheshimu zaidi.

Sasa nimestaafu, nakaa zangu mtaani Cheyo. Wajukuu wanataka nijenge ukuta, eti majirani wamezidi kuombaomba. Nimekataa katakata. Siku ikipita bila mtu kubisha hodi kuniomba kitu, siku hiyo najiona sina maana.