Pole kwa Mjane wa Ufaransa

Ee Mungu, uliyenifikisha umri huu na akili bado inakumbuka, nakushukuru kabla sijasema lolote.

Binti yangu wa mwisho alisomea sheria hapa Bunia, akakaa miaka mitatu bila kazi. Kisha ofisi moja ya bima ya Ufaransa ikampa kazi ya kuzungumza na wateja wake kwa kompyuta, kutoka chumba chetu cha mbele. Walimlipa sehemu ndogo tu ya mshahara wa mtu wa kule. Lakini kwetu ulitosha kulisha nyumba nzima, pamoja na jamaa zetu waliokimbia vita Djugu.

Asubuhi moja alinijia mbio uani.

"Papa, kuya, njoo! Huyu mama mteja, bwana yake amekufa juzi. Nitamuulizaje namba ya dosie, ya faili lake?"

Kwetu, penye kilio, mdogo haanzi na mambo ya karatasi. Mkubwa hutoa pole kwanza, kisha huomba. Nami nimekuwa katekista miaka mingi. Nikaketi mbele ya kompyuta, nikavua kofia, nikampa mjane pole kwa Kifaransa changu cha shule ya misheni, nikaomba. Nilipomaliza alikuwa analia.

"Tangu afe, wewe ndiwe wa kwanza kuniombea," alisema. "Ofisi yenu imenitumia fomu tu."

Baadaye binti yangu alinicheka. "Papa, sala yako ilikuwa ndefu kama ya Pasaka!"

Kesho yake kompyuta ilikataa kumfungulia. Shefu wake, mkubwa wa kazi ambaye hatujawahi kumwona, aliandika mistari miwili: mazungumzo yamepita dakika zilizowekwa, na mtu wa nje amesikia siri za mteja. Kazi imekwisha, itapelekwa nchi nyingine.

Nilisoma mara nne. Watu tisa wanakula kwa kazi ile, na mimi nimeifunga kwa sala! Sikuwaza kabisa kwamba wanaweza kuileta kazi hadi sebuleni kwangu, lakini pole yetu wasiitake.

"Unisamehe, mama," nilimwambia binti yangu.

"Ni mimi nilikuita, Papa."

Akafunika kompyuta kwa kitambaa, akaenda jikoni kupunguza unga wa jioni.

Wewe unayesoma, Mungu ailinde kazi ya mikono yako, na siku ya kilio chako akutumie mtu asiyetazama saa.