Kaka Amepigiwa Makofi kwa Utafiti Wangu

Jamani wenzangu wa chuoni, leo nimesimama pembeni nikiangalia kaka yangu akipongezwa kwa kazi yangu ya miaka mitatu.

Niko likizo nyumbani, Ifakara. Sekondari moja hapa iliniandikia barua niwaonyeshe wanafunzi ninachofanya chuoni. Mnakijua: nakokotoa kwa kompyuta namna wimbi la mshtuko linavyogonga hewa iliyovurugika juu ya ubawa wa ndege inayopita kasi ya sauti, mpaka hewa hiyo inabanduka kutoka kwenye ubawa.

Kaka, ambaye hununua mpunga huko Lupiro, alinisaidia kubeba kompyuta.

Mwalimu mkuu akampa mkono yeye. "Karibu sana, mtaalamu."

Mimi akanionyesha soketi ya kuchomeka kompyuta.

Nikadhani kaka atamsahihisha. Akaketi kwenye kiti cha mgeni.

Picha za kazi yangu zilipotokea kwenye kompyuta, msichana wa kidato cha tatu akauliza, "Kwa nini hewa inabanduka?"

Swali zuri. Mimi lilinichukua mwaka mzima.

Kaka akajibu, "Ni upepo tu."

Nikasimama. "Samahani, mwalimu, kazi hii ni yangu."

"Dada, mwache mtaalamu amalize," akasema mwalimu mkuu, kwa upole kabisa.

Wakapiga makofi. Yule msichana akaandika "upepo" kwenye daftari lake.

Njiani nikamuuliza kaka kwa nini hakusema ukweli.

"Ulitaka nimwaibishe mwalimu mkuu mbele ya wanafunzi wake?"

Tulipofika nyumbani, mama akaniuliza kama nimemshukuru kaka kwa kunisaidia.

Nimetoka, nimekuja kuazima intaneti ya rafiki niwaandikie. Ninyi mngemwambia mama nini?