Moyo Uliopanda Kilima

Inawezekanaje moyo uleule uvuje sana saa mbili asubuhi, na saa tatu uvuje kidogo tu? Asubuhi ile nilikuwa na sondi ya eko mkononi, kile kifaa kinachowekwa kifuani ili moyo uonekane kwenye kioo cha mashine. Nilikuwa na wivu.

Mashine hiyo ya eko ilifika hospitali yetu ya Masisi juu ya lori la mfanyabiashara wa Butembo, katikati ya magodoro. Mimi nilikuwa daktari mpya, nimetoka chuo kikuu. Lakini aliyetumwa mjini kujifunza kuitumia ni muuguzi mmoja, mzaliwa wa Kibua, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu. Niliuliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba ana mkono mtulivu. Siku nzima nilikuwa naitazama mikono yangu.

Kila alichofanya kiliniudhi. Mgonjwa akifika, alimkalisha kwenye benchi, akampa uji, akampima presha, akangoja, akampima tena. Ndipo amlaze ubavu wa kushoto na kuanza. Kwangu hayo yalikuwa madaha. Hata kilima cha kutoka mtoni alikipanda akisimama-simama kama bibi harusi, nami nikajisemea: anataka tumwone.

Asubuhi ile, saa mbili, muuguzi alikuwa hajafika. Mama mmoja, mkulima wa Nyamitaba, aliingia akitweta, ametembea tangu alfajiri na mtoto mgongoni. Vali ya moyo wake iliharibiwa utotoni na homa ya baridi yabisi. Ikivuja kidogo, angechomwa sindano kila mwezi na kurudi shambani. Ikivuja sana, angepelekwa mbali kupasuliwa na kuacha watoto watano, bila kujua kama atarudi.

Nilimlaza papo hapo. Kwenye kioo, kila moyo ulipojikunja, damu iliyopaswa kwenda mbele ilirudi nyuma kupitia vali, mashine ikiipaka buluu iliyochanganyika na njano, ikajaza karibu chumba chote cha juu cha moyo. Nilifurahi. Nasema kweli, nilifurahi, kwa sababu niliiona peke yangu.

"Mama, inavuja mingi," nikamwambia. "Itabidi wakupasue."

Hakulia. Alianza kuhesabu kwa vidole mtoto gani atakaa kwa nani.

Muuguzi alipoingia, aliangalia miguu ya mama yenye matope kabla ya kuangalia kioo.

"Docta, ulimupima tansio?"

"Presha? Bado."

"Moyo yake ingali inapanda mulima. Wacha apumuzike kwanza."

"Kumbe moyo inajua saa?" nikamdhihaki.

"Inajua mulima."

Akamletea uji. Mama akaushika bila kunywa. "Nikimaliza hii, njo mutanipasua?"

"Kunywa tu, mama. Hapa hatupasue muntu iko na njaa."

Saa nzima ilipita na presha ikashuka. Muuguzi aliweka sondi palepale nilipoiweka mimi. Ile rangi sasa ilikuwa uzi mwembamba. Nilimnyang'anya sondi nikatafuta nilichokiona, nikaikandamiza mpaka mama akakunja uso. Hakikuwepo.

"Sasa niko na mioyo mbili?" mama akauliza, akifunga kitenge chake.

"Iko moja tu. Docta alikutana nayo ku njia."

Alinisitiri, na hata hilo nililionea wivu. Mama akachomwa sindano yake, akarudi Nyamitaba.

Jioni nilifungua vitabu. Mwili ukihangaika na presha ikipanda, vali mbovu huvuja zaidi. Sentensi hiyo nilishaipigia mstari mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Vitabu havikunieleza muuguzi yule alijuaje muda wa kungoja bila hata kutazama saa.

Baadaye sana alihamia Walikale, karibu na kwao, na mashine ikabaki mikononi mwangu kama nilivyotamani. Nikiipekua kumbukumbu ya mashine, nilikuta picha za wiki ya kwanza, kabla ya mgonjwa yeyote. Zilikuwa tatu, za moyo mmoja: baada ya kilima, baada ya nusu saa, baada ya saa moja. Vali ilikuwa inavuja, kila picha kidogo kuliko iliyotangulia. Mahali pa jina la mgonjwa, muuguzi aliandika lake.